Shuka Lililogeuzwa

Wanaoisifu Siku ya Wapendanao hawajawahi kufua mashuka yake. Mimi ninayafua, huu mwaka wa nane, katika chumba cha kufulia cha hoteli ndogo ya ghorofa mbili, na nasema bila kumung'unya maneno: siku hiyo inanitia kinyaa. Petali za waridi zikishalaliwa hupondeka na kuacha madoa ya kahawia ambayo sabuni huyasalimu tu na kupita. Nta ya mishumaa huganda kwenye taulo. Na chokoleti, Mungu anisamehe, ukiikuta kwenye shuka jeupe huwezi kuwa na hakika kuwa ni chokoleti mpaka uinuse, na mimi nimeshanusa mengi ambayo hayakuwa chokoleti. Watu hupendana saa mbili, sisi tunasugua siku tatu.

Lakini leo sisemi habari zangu. Nasema za wifi yangu, mke wa kaka yangu mkubwa, ambaye ndiye husafisha vyumba na kutandika vitanda katika hoteli hiyohiyo. Pale kazini wanamwita Kona, kwa sababu ya anavyokunja pembe za shuka chini ya godoro, zimenyooka utadhani zimekatwa kwa rula. Nyumbani kwake glasi huoshwa kabla hujapewa maji na huoshwa tena ukishaiweka chini. Wanawe hawapandi kitandani bila kukaguliwa nyayo. Kaka yangu, fundi wa kuchomelea mageti, mtu mwenye mikono ya makovu na maneno mengi, hujisifu kwa kila mteja: "Nyumba ya mke wangu, hata inzi anavua viatu mlangoni." Wifi husikia haya na kujifanya hakusikia. Ukitaka kumfurahisha mwanamke huyu, usimwambie ni mzuri, mwambie sakafu yake inang'aa.

Sasa nikuambie jambo ambalo mgeni wa hoteli haambiwi. Siku ikiwa na watu wengi, mtandikaji hulitazama shuka, na kama halina doa la wazi, haliondoi. Analigeuza. Upande wa juu unakwenda chini, wa kichwani unakwenda miguuni, linapigwapigwa kwa kiganja, linapuliziwa marashi, kisha pembe zinakunjwa. Mgeni akiingia anavuta pumzi na kusema, aah, usafi huo! Meneja anajua. Msimamizi anajua. Mashine ya kufulia ni moja na inakohoa, vyumba ni kumi na vinne. Nami nilijua, maana ukiletewa mashuka ya vyumba tisa ilhali wamelala watu vyumba kumi na vinne, huhitaji kwenda chuo. Sikuuliza. Mgongo wangu ulikuwa unashukuru.

Huyo Kona, mwenye glasi ya kuoshwa mara mbili, naye alikuwa akigeuza. Mwaka wa kwanza alikataa, akamaliza kazi saa tatu nzima baada ya wenzake, akaonywa kwa barua. Mwaka wa pili akaanza chumba kimoja kimoja. Penye wengi pana mengi, na mazoea yana tabu. Kaka hakulijua hilo, na wifi alikuwa radhi kupoteza kazi kuliko kaka alijue.

Siku ya Wapendanao mwaka huu vyumba vilijaa mpaka kile chenye bomba linalovuja. Chumba namba tisa kiliwekwa oda na mtu na mchumba wake: kipambwe, petali zichorwe moyo kitandani, taulo mbili zikunjwe ziwe ndege wanaobusiana. Waliolala humo kabla yao walichelewa kutoka, nao wapya walitegemewa saa sita mchana. Wifi aliingia na ndoo, akatazama saa, akatazama shuka. Akaligeuza. Akamwaga petali juu, akakunja ndege wake, akafunga mlango.

Saa sita na robo yule mwenye oda akapiga simu mapokezi kusema hawaji, wamegombana njiani, na asipigiwe tena. Mapenzi hayo! Meneja wetu si mtu wa kutoa, akikupa pole ujue anaidai. Lakini chumba kilikuwa kimeshalipiwa, na siku hizi anapenda kuweka picha za hoteli mtandaoni. Akapata wazo. Akampigia kaka yangu kwanza, kabla ya kumwambia wifi, akamwambia: "Njoo, chumba ni chenu mpaka saa kumi na mbili jioni, zawadi ya hoteli kwa mfanyakazi bora."

Kaka hajawahi kusherehekea siku hiyo tangu azaliwe. Miaka kumi na mbili ya ndoa, kila Februari akiulizwa hujibu, "Wapendanao wenyewe ni akina nani? Mbona siwajui?" Siku hiyo alizima mashine ya kuchomelea katikati ya geti la mtu. Alioga, akavaa shati jipya lenye mikunjo ya dukani bado, akaja na ndala mpya kwenye mfuko ili asichafue sakafu ya hoteli kwa viatu vyake vya karakana. Nilimwona akipita mlangoni kwangu akinukia sabuni, akanikonyeza. Sikumbuki kumwona na furaha ile tangu watoto wake wazaliwe.

Wifi alipoambiwa, alishikilia ufagio akasema, "Meneja, acha nikabadilishe kidogo kile kitanda."

"Ubadilishe nini? Utaharibu moyo wangu," akasema meneja. Alikuwa anasema moyo wa petali. Mpiga picha alishafika.

Picha ile ipo mpaka leo. Kaka kajilaza, shavu kwenye mto, meno yote nje. Wifi kaketi ukingoni kabisa, kama mtu aliyekalia msumari, anatabasamu kwa midomo peke yake. Chini ya picha wameandika kuwa hapa kwetu hata wafanyakazi wanapendana.

Hazikupita dakika ishirini, simu ya chumba cha kufulia ikalia. Sauti ya wifi ilikuwa ya chini. "Wifi, niletee mashuka mawili na foronya mbili. Uje wewe mwenyewe."

Nilipanda na mashuka na ndoo yangu. Nilikuta ndege wa taulo wameshawekwa mezani kwa heshima, na kaka kitandani, kajifunika nusu, petali kwenye nywele, anatafuna chokoleti ya hoteli. Wifi alikuwa amesimama wima ukutani na ndala zake miguuni.

"Mdogo wangu, afadhali umekuja," kaka akasema. "Hebu niamulie. Shuka baridi, linanukia, kalitandika mwenyewe kwa mikono yake, sasa anataka kulitoa. Kichaa hiki cha usafi kimezidi!"

"Inuka, baba watoto," wifi akasema. "Dakika mbili tu."

"Siinuki. Kila siku wanakuja watu wasiojulikana kulalia usafi wa mke wangu, mimi nabaki kusifu tu huko karakana. Leo ndiyo zamu yangu." Akageuka, akazamisha uso kwenye shuka, akalinusa kwa nguvu, akafumba macho. "Niache nifaidi."

Nilimtazama wifi. Angeweza kusema lolote: limemwagikiwa, lina kunguni, meneja kaagiza. Mimi mwenyewe nilishafungua mdomo nimsaidie kudanganya, maana kudanganya kwa hisani nilikuwa nimeshazoea. Lakini alimwona mumewe anapitisha shavu pale, anapitisha mdomo pale, na nadhani kinyaa kilizidi hofu.

"Si safi," akasema. "Nimeligeuza."

"Umeligeuza vipi?"

"Walililalia wengine jana. Sikulitoa. Niligeuza upande."

Kaka alicheka kwanza, kama mtu anayesubiri mzaha umalizike. Hakuna aliyecheka naye. Akatoka kitandani taratibu, akashika pembe ya shuka, ile pembe iliyonyooka kwa rula, akaivuta na kulifunua. Upande wa chini kulikuwa na alama ya mafuta ya kujipaka, umbo la mgongo wa mtu mzima. Kulikuwa na unywele mrefu wa kubandika, mwekundu. Na pale karibu na mto palikuwa na kitu kidogo kilichokauka, cheupe, kilichopinda. Ilikuwa kucha ya mguu.

Alijifuta shavu kwa mkono wa shati jipya. Akajifuta mdomo. Akatema chokoleti kwenye kiganja na kubaki nayo, hajui aiweke wapi. Nilimnyooshea ndoo.

"Kaka," nikasema, "hoteli zote ndivyo zilivyo, siku za msongamano..."

"Wewe ulijua?"

"Mashuka si yanapita kwangu."

Akaniacha, akamgeukia mkewe. "Na wale wenye chumba. Wangekuja, wangelala humu?"

"Wangelala," wifi akasema.

"Na usingewaambia."

"Nisingewaambia."

Kaka aliketi kwenye kiti, akatoa viatu vyake vya karakana chini ya meza, akaanza kuvifunga kamba. Alifunga kimoja, akasimamisha mikono. Ndipo akauliza, polepole, bila hasira, na hapo ndipo ilipouma: "Na nyumbani?"

"Nyumbani nini?"

"Unageuza?"

Wifi alipiga yowe. "Haki ya Mungu! Nyumbani? Kitanda cha watoto wangu? Naloweka, nafikicha kwa mikono hii, naanika, napiga pasi! Sijawahi, hata nikiwa mgonjwa sijawahi! Wifi, mwambie!"

"Hajawahi, kaka," nikasema. Lakini neno langu lilikuwa limeshaliwa na mchwa. Nilikuwa nimekiri dakika ile ile kwamba najua kunyamaza.

"Nimesikia," kaka akasema.

Hakusema naamini. Wifi alingoja aseme, nami nilingoja. Alifunga kiatu cha pili.

Tulitandika upya mimi na wifi, kila mmoja upande wake, mashuka ya moto kutoka kwenye pasi. Alikunja pembe zote nne, akanyoosha, akarudia moja. Kitanda kikawa kisafi kuliko chochote kilichowahi kuwa ndani ya jengo lile. Hakuna aliyekigusa. Kaka alikataa kuondoka kabla ya saa kumi na mbili, asije akamwaibisha mkewe mbele ya meneja, basi wakakaa humo mchana kutwa, yeye kwenye kiti na viatu vyake, wifi kwenye kigoda cha bafuni, wanatazama taulo. Hiyo ndiyo sherehe yao.

Tangu siku hiyo wifi hageuzi tena. Wamemwonya kwa barua ya pili, akaisaini, akarudi ghorofani na mashuka ya vyumba kumi na vinne, na mimi mgongo unaniuma na silalamiki. Majirani walimpongeza kwa picha. Mmoja alimwambia, wenzako tunatamani mume kama huyo. Na kweli kaka hajabadilika: anachangamka na watoto, anamletea nyama, hajampandishia sauti hata siku moja. Kwa wateja wake tu ndiyo nimesikia hasemi tena habari za inzi.

Jumapili iliyopita nilikwenda kwao mchana. Tulikula, tukacheka kidogo, kaka akasema anataka kujinyoosha. Mlango wa chumbani ulikuwa wazi, nikaona yote nikiwa nimekaa pale sebuleni. Wifi alikuwa ametoka kutandika. Siku hizi anafua kila siku, mashuka yameanza kuonyesha nyuzi, na ngozi ya vidole vyake imechubuka kwa sabuni. Kaka alifika kitandani, akainama, akachomoa ile pembe na kulifunua shuka mpaka katikati. Akatazama upande wa chini. Akapitisha kiganja. Wifi alikuwa amesimama kando na mto kifuani, kama mwanafunzi anayesahihishiwa daftari.

"Haya," kaka akasema, akapanda kulala. Wifi akainama, akakunja tena ile pembe.