Noti Moja ya Mjerumani

Siku ile ya Midrand, mwanangu, bado inanichoma nikiikumbuka. Nakuita mwanangu ingawa mvi sina. Aliyekutangulia kuumia ana haki ya kukuonya.

Nilijifundisha filimbi peke yangu, chumbani kwetu ugenini, mtaa wa Jeppestown, kwa video za simu. Mwalimu wangu wa kweli alikuwa marehemu: Mjerumani wa karne ya kumi na tisa, mpiga filimbi na mtunzi, ambaye mbali na vipande vyake vya jukwaani aliwatungia wanafunzi mazoezi mengi. Niliyarudia mpaka midomo ikavimba. Nikikosa noti moja nilianza upya, na siku nzima nilijichukia.

Basi nikaenda Midrand kujaribiwa niingie okestra ya vijana. Nikapiga kipande chake. Katikati, noti moja ya juu ikapasuka. Bibi msimamizi akainua mkono.

"Nani amekufundisha?"

"Nimejifundisha, mama."

"Wewe ni Mkongo, sivyo? Waachie Wajerumani mambo yao. Tupigie cha kwenu, kitu chenye ngoma!"

Wenzake wakacheka. Nami, mwanangu, nikasema asante. Asante! Niliamini nimestahili, kwa sababu ya noti ile.

Jumapili nikamsimulia Papa Ilunga, kiongozi wa kwaya yetu, mzee wa Lubumbashi asiyejua kunong'ona.

"Alikuambia umekosea noti gani?"

"Hapana, Papa."

"Alikuonyesha pa kupumua?"

"Hapana."

"Eish! Sasa alisahihisha nini? Kijiji cha mama yako? Na wewe ukashukuru!" Akalipiga benchi kofi. "Huyo Mjerumani alitungia wanafunzi ambao asingewaona kamwe. Kwani aliandika juu ya karatasi, 'Isipigwe na Mkongo'? Ngoma tunaipenda, na tutaipiga siku tukitaka wenyewe!"

Nikarudi Midrand, nikaomba kupiga hadi mwisho. Bibi yule akasema nafasi zimejaa.

"Basi niambie tu kosa langu, mama, nikalirekebishe."

Akawatazama wenzake. Kisha akafunga daftari lake la majina. Wazee walisema akufukuzaye hakwambii toka. Huyu aliniomba ngoma.

Nafasi sikuipata. Hasira nayo haijaisha, wala sitaki iishe.

Kwa hiyo sikiliza. Ukisahihishwa, inamisha kichwa, hata kama msahihishaji ana ulimi mkali. Lakini heshima si utumwa. Sahihisho lina mahali pake: noti hii, pumzi hii, kidole hiki. Neno likiruka kosa lako likaenda kugusa ulikozaliwa, hilo ni tusi, hata likisemwa kwa tabasamu, na tusi halishukuriwi. Sisi tunaojilaumu kwa kila kitu ndio rahisi kuonewa. Mtu hutukanyaga, tukaomba radhi kwa kuuweka mguu wetu pale.

Mungu akupe pumzi ndefu, mwanangu, na vidole vitulivu. Na mtu akisimama kukukatiza, Mungu akupe moyo wa kukimaliza kipande chako.