Zafarani Katika Sahani ya Baba

Mimi nina majivuno, sifichi. Nafundisha historia katika shule moja karibu na Makadara, na muhula tulioazimwa projekta nilijiona hakuna mwalimu mwengine pwani nzima. Niliwaonyesha wanafunzi filamu juu ya filamu: mapiramidi ya Misri, ukuta wa Wachina, wachoraji wa Italia. Hata watundu wa nyuma walitulia.

Siku moja msichana ambaye babake alitoka bara kuja kufanya kazi bandarini aliinua mkono.

"Mwalimu, wakati hayo yote yanafanyika, sisi tulikuwa wapi?"

Nikamwambia tutaliangalia wiki ijayo. Uongo mtupu. Nilirudi nyumbani Ndia Kuu nikiona haya.

Kumbe jibu lilikuwa ukumbini kwetu, kwenye kidaka cha ukutani nilichokipita miaka yote. Ni sahani ya kale ya Kichina, nyeupe yenye maua ya buluu, ambayo marehemu baba alikuwa akiandikia kombe. Akiletewa mgonjwa, aliandika aya za Kurani kwa zafarani juu ya sahani, akayaosha maandishi kwa marashi ya mawaridi, na maji yale mgonjwa akanywa. Sahani ya China, zafarani ya Uajemi, marashi ya Arabuni, mkono wa mtu wa Mombasa. Nikaamua kuirekodi kwa simu, wanafunzi wapate filamu ya kwetu.

Ila sahani ilikuwa na umanjano ndani ya nyufa zake nyembamba, nami nilitaka ipendeze. Nikailoweka katika dawa ninayong'arishia kanzu. Ikatoka nyeupe pe, nikampelekea mama nikitabasamu.

Mama aliigeuza mara mbili, kisha akakaa kitako.

"Zafarani imekwenda wapi?"

"Nimeiosha, mama. Ilikuwa chafu."

"Haukuwa uchafu. Ni mkono wa babako uliokuwa umebaki humu."

Mwalimu wa historia mzima, nimefuta historia ya nyumba yetu kwa dawa ya kanzu. Niliomba radhi mpaka maneno yakaniishia, na nikamweleza yote, hata swali la yule msichana. Mama akaichukua sahani, akaingia nayo chumbani kwake.

Kesho yake, kipindi kilipoanza, alikuwa amesimama mlangoni pa darasa na buibui lake, sahani ameifunga kwenye leso. Maisha yake hajakanyaga shule kama ile. Yeye alisoma chuo cha Kurani tu, na huko ndiko alikopata hati yake nzuri ya mkono.

"Aya si za maonyesho," aliniambia polepole. "Nitaandika kitu chengine. Niitia yule mtoto."

Msichana akaja mbele. Mama akamuuliza jina, jina la bara kabisa, akalirudia mpaka likamkaa ulimini. Kisha akachovya kalamu ya mwanzi katika zafarani, akaliandika juu ya sahani kwa herufi za Kiarabu, kama wazee wetu walivyoandika Kiswahili. Nami nikamrekodi kwa simu. Huku akiandika, aliwaeleza kila kitu kilikotoka na wafanyabiashara waliokileta.

"Nao hawakurudi mikono mitupu, mwanangu. Walichukua pembe za ndovu. Zilitoka huko kwenu bara, na walioziteremsha mpaka hapa ni wazee wenu."

Msichana aliliinamia jina lake.

"Basi na sisi tulikuwemo."

"Mlikuwemo," mama akasema.

Filamu ile nimeshaionyesha madarasa yote, na kila mara nawaambia kwa sauti kubwa kwamba huyo ni mama yangu. Sijawahi kujivunia mtu namna hiyo.

Jioni ya siku ile aliyokuja darasani, nyumbani niliichukua sahani niende kuiosha. Mama akaninyang'anya, akairudisha kidakani na jina la mtoto wa watu likiwa juu yake. Limekauka pale pale, na nyufa zimeanza kurudia umanjano wake.