Taya Mikononi mwa Sista Slavojka

Hospitali yetu ya mapafu ina madaktari saba, na kila mmoja anajiona mungu mdogo. Mimi, Srba, nasukuma vitanda. Shule niliacha darasa la sita, mwalimu alikuwa ameishiwa vya kunifundisha. Lakini nakwambia, anayewaweka watu hai kwenye chumba cha kamera ni Sista Slavojka. Wa pili ni mimi.

Kazi yake ni taya. Daktari anakuingizia mpira mwembamba wenye kamera, unapita kooni hadi ndani ya pafu. Wewe umeshapigwa dawa, uko nusu usingizini, ulimi unaanguka nyuma na kuziba njia ya hewa. Slavojka anasimama kichwani pako, vidole nyuma ya taya, anainua. Mwaka wa ishirini na nane huu anainua tu. Waume wawili walimkimbia. Eti wakikoroma, naye usingizini anawainua taya.

Jumatatu nikamleta mzee Tihomir. Wiki tatu anakohoa, tangu siku aliyokula cheri huku anamtukana refa kwenye televisheni. Kokwa ikaingia pafu la kulia. Daktari Ognjen alishamwambia: isipotoka leo kwa kamera, ni Belgrade, kupasuliwa kifua. Na mzee ana miaka sabini na minne na moyo mbovu. Mkewe, Desanka, alikuwa analia koridoni tangu asubuhi.

Meno ya bandia mzee alinikabidhi mimi, maana nina sura ya uaminifu. Sista akampulizia ganzi kooni.

"Mama yangu, chungu!"

"Meza, mjomba. Ulivyomeza cheri hukulalamika."

Akamwekea vijibomba vya oksijeni puani. Mzee akaruka.

"Upepo huu unatoka wapi? Fungeni dirisha!"

"Ni oksijeni, mjomba."

"Upepo ni upepo! Baba yangu aliuawa na upepo wa mlangoni!"

Usimcheke. Kwetu upepo unaopita kati ya dirisha na mlango umeua watu wengi kuliko vita. Hata Ognjen, na madigrii yake yote, hakai kwenye njia yake.

Dawa ikamchukua mzee, kamera ikaingia. Mara mkono wake ukapanda, ukang'oa vijibomba. Sista akarudisha. Ukang'oa tena. Mzee anakoroma kama trekta, na ile mashine ya kidoleni inayopima oksijeni ya damu inateremka: tisini na tatu, themanini na sita, themanini.

"Mfungeni mikono," akasema daktari.

"Huyu si mbuzi," akasema Sista. "Ukimfunga atapigana na atakohoa."

"Basi natoa kamera. Aende Belgrade."

"We kijana, tulia kidogo! Srba, taulo! Mfunike masikio na kichwa chote, kama bibi anayekwenda sokoni Januari."

Sista akarudisha vijibomba, nami nikamfunga taulo juu yake, vikabaki chini. Sijawahi kuona fundo zuri vile, na nilifunga mwenyewe. Sista akainama sikioni.

"Mjomba Tihomir, dirisha nimefunga. Mlango nimefunga. Masikio yamefunikwa. Hakuna upepo."

Mkono ukashuka kifuani, ukalala. Sista akashika taya kwa mikono yote miwili, akainua. Mkoromo ukakatika. Themanini na nne. Tisini. Tisini na sita. Ognjen, jasho linamtoka, akapitisha ndani ya ule mpira kikapu kidogo cha waya cha kunasia kokwa, akakosa, akakosa tena, akanasa. Kokwa ikadondoka kwenye bakuli, nyeusi, inanuka.

Desanka alipoingia, mzee alikuwa ameamka, taulo bado kichwani, mate yanamtiririka kwa ile ganzi.

"Nani kakufunika hivi?"

Mzee akamwonyesha Sista kwa kidole. Bibi akaikamata ile mikono mipana, akaibusu yote miwili. Kisha akamgeukia daktari, akaiona miguu yake mitupu ndani ya kandambili.

"Na wewe, mwanangu, umefanya kazi nzuri. Lakini sakafu hii ya baridi, vaa soksi."

Mimi hakuna aliyenibusu. Na taulo lilikuwa langu.