Injini Iliyokataa Kukata Kushoto

Mama alinipigia simu nikiwa nimelala chali chini ya dashibodi ya pikapu ya mteja, akaniambia nahodha wa marehemu baba anatuibia boti. Hakusema ameiiba. Alisema anatuibia, kidogo kidogo, na kwamba mtoto mwenye akili angekuwa ameshafika Naivasha.

Boti yenyewe baba aliinunua alipostaafu kazi ya reli. Ukoo wetu uliletwa Nakuru na reli kutoka magharibi enzi za babu, na mambo ya maji hatuyajui, lakini baba alitaka kitu cha kumtoa nyumbani kwetu Bahati kila asubuhi. Akapata boti ya fiba yenye injini kuukuu ya kuning'inia nyuma, akaajiri nahodha wa kuwapeleka wageni kutazama viboko. Mwaka jana baba akafariki. Hata kabla hatujamaliza kurudisha viti vya matanga, injini ikaanza kuzimika katikati ya ziwa.

Sasa sikiliza mama alivyopiga hesabu zake. Injini haikuzimika popote tu. Ilizimika pale kwenye migunga iliyokauka, ambapo ziwa lilipanda likameza miti, na boti haina budi kukata kushoto kwa ghafla, na viboko wako papo hapo. Nahodha akiijaribu akiwa amefunga boti ufukweni, haina neno. Akibeba wageni, inazima. Wageni wakishapiga mayowe ya kutosha, boti inayokuja kuwavuta ni ya shemeji yake nahodha. Na shemeji huyo huyo alikuwa amefika Bahati na mkate na sukari kumpa mama pole, na kabla chai haijapoa akauliza kama ile injini mbovu haiuzwi.

"Mtu anakuja matanga na bei mfukoni," mama alisema.

Mama yangu si mtu wa kungoja. Alishuka Naivasha, akasimama ufukweni mbele ya manahodha wote, akamwambia yule mtu kwamba Jumapili atarudisha ufunguo wa kufuli la injini. Neno mwizi hakulitamka, lakini kila mtu alilisikia. Baada ya maneno kama hayo, hakuna mwenye boti pale ambaye angempa kazi tena, na kazi nyingine yule mzee hakuwa nayo. Mimi nilipewa Jumamosi nimkamate.

Niliikubali kazi hiyo bila shida. Mimi ni fundi wa waya za magari, nina kibanda changu karibu na Kaptembwo, na ufundi huu umenifundisha kutomwamini mtu. Mwenye gari atakuapia kwa watoto wake kwamba hakuna aliyegusa waya. Ukifungua unakuta taa za Krismasi zimeunganishwa kwenye breki.

Nahodha alinipokea na chai na samaki wa kukaanga. "Karibu, sister. Kunywa kwanza, ziwa haiendi mahali."

Nikaikataa chai. Mtu anayemnunulia mkaguzi chai ana lake jambo. Samaki nilimla, maana nilikuwa nimetoka Nakuru alfajiri.

Nilianza na plagi. Nikazitoa, nikazisafisha, nikavuta kamba, moto ukaruka vizuri wa bluu. Mafuta yalikuwa safi. Nikawasha injini boti ikiwa imefungwa, nikaiacha ingurume hadi nikachoka kuisikiliza. Haikukohoa hata mara moja. Nahodha alisimama pembeni na mikono nyuma, na utulivu wake haukunipendeza.

"Twende kwenye miti," nikamwambia.

Nilikaa nikimtazama yeye, si ziwa. Mkono wake wa kushoto ulikuwa kwenye mpini wa usukani, wa kulia juu ya goti. Kitufe cha kuzima kilikuwa pale mbele ya injini, na nilikikodolea macho kama paka. Tulikwenda moja kwa moja bila tatizo. Tulipofika kwenye migunga akasukuma mpini, boti ikaanza kukata kushoto, injini ikanyamaza. Hakuwa amegusa kitufe. Lakini mguu wake mmoja ulikuwa umejificha chini ya kiti.

"Toa mguu hapo!"

Akautoa. Viboko wawili walikuwa wametoa masikio juu ya maji, karibu kuliko nilivyopenda. Aliunyosha mpini, akavuta kamba, injini ikawaka kana kwamba haijafanya lolote. Nikamwamuru tubadilishane: yeye akae mbele kabisa na mikono niione, niendeshe mimi. Akaenda. Nikakata kulia, ikaenda vizuri. Nikakata kushoto, ikazima mkononi mwangu.

Basi hakuwa yeye. Ningepaswa kufurahi. Badala yake nilianza kuwaza kwamba labda kuna kitu alikifanya mapema, kikae kikingojea.

Tuliporudi ufukweni nikafungua kifuniko. Injini hizi za zamani si kama gari. Gari hupewa moto kwa ufunguo; injini hii inajitengenezea moto wake yenyewe, na kitufe cha kuzima kazi yake ni kuupoteza moto huo kwenye chuma. Kwa hiyo waya wa kitufe ukichubuka ukagusa chuma popote, injini inakufa. Nikauchomoa waya huo. Tukaenda tena kwenye miti, tukakata kushoto, injini ikaunguruma bila kujali, hata ikabidi kuiziba pumzi ili izime tuliporudi. Ugonjwa ulikuwa kwenye waya ule.

Nikaufuata kwa vidole. Kulikuwa na kiungo cha kwenda kwenye kitufe, hicho nilikitarajia. Karibu yake kulikuwa na kiungo kingine. Kutoka hapo nyaya mbili nyeusi ziliambatana na mpira wa mafuta, zikapita kwenye chuma kinachoshikilia injini, na hapo mmoja wao ulikuwa umechubuka. Kila injini ilipogeuzwa kushoto, chuma kiliubana. Nyaya ziliendelea hadi chini ya kiti cha nyuma, nyuma ya kipande cha ubao, kwenye kiswichi kidogo kilichofichwa, cha kuzima injini kwa siri.

Kile kiungo nilikijua. Chini ya tepu kilikuwa kimezungushwa uzi wa kushonea magunia, jinsi baba alivyofunga waya za redio yetu nilipokuwa mdogo. Baba ndiye aliyeficha kiswichi hicho, ili mwenye ufunguo asiweze kuondoka na boti usiku. Na mwenye ufunguo alikuwa mtu mmoja tu.

Lakini kiswichi kilikuwa kimefungwa kwa ukanda wa blada, mpira wa tyubu ya baiskeli, na mpira huo ulikuwa mpya. Baba alikuwa kaburini mwaka mzima. Nikasema moyoni, nimekushika.

"Hii ulijua iko hapa?"

Nahodha aliketi kwenye ukingo wa boti. "Nilijua."

"Tangu lini?"

"Tangu zamani. Mzee wenu kila asubuhi alikuwa anainama hapo, ati anatafuta kopo ya kutoa maji. Na kopo inakaa mbele." Alitabasamu kidogo. "Nikaona wacha tu. Kama ndio inamfanya alale."

"Na hii blada?"

"Nilidhani maji ndiyo inaingia kwa switch. Nikaifunga, labda itaacha kuzima. Sikujua ni waya."

"Sasa mbona hukutuambia kuna cut-out?"

"Sister, ningesema ninajua switch ya siri iko wapi, na engine inazima kila siku, mama yako angesema ni nani anazima?"

Hilo nilikuwa nimeshalisema mwenyewe moyoni dakika ile ile. Niliona aibu, na mimi nikiona aibu hukasirika. Nikamkasirikia baba, aliyemfanyia mtu huyu hila kila jioni na kumsalimia kila asubuhi. Nikakata zile nyaya zote mbili, nikaking'oa kiswichi, nikarudisha waya wa kitufe peke yake, nikaufunika vizuri. Tulizunguka migunga ile kwa upande wa kushoto hadi viboko wakatuchoka wakazama. Kisha nikaomba chai, nikainywa ikiwa imepoa.

Jumapili mama alikuja moja kwa moja kutoka kanisani, bado na kitambaa chake kichwani. Nikamweleza mbele ya wote, shemeji akiwepo, kwamba waya na kiswichi cha siri vilikuwa vya baba na nahodha hana kosa lolote. Nikapaza sauti ili hata waliokuwa wakitengeneza nyavu wasikie.

"Basi abaki," mama akasema. Alilisema kwangu, si kwa nahodha.

Nahodha akatoa ufunguo wa kufuli mfukoni, akaushika kwa mikono miwili alipokuwa akimpa mama.

"Nilikuwa nangoja engine ipone, mama. Ningeenda ikiwa mbaya, mngesema nimetoroka. Sasa iko sawa."

"Nimesema ubaki," mama akasema, safari hii kwake.

"Nimeskia, mama. Asante."

Akachukua koti lake kutoka chini ya kiti, akaondoka kwa miguu kuelekea barabarani. Nilimwita mara mbili. Aligeuka, akanipungia mkono, hakurudi.

Baadaye mama alipata nahodha mwingine, mtu mpole anayesali kanisani kwake, na akanipigia simu kunisifia namna anavyoitunza boti. Akamsifu, akamsifu. Halafu akauliza kile kiswichi cha baba nilikitupa wapi.

Nikamwambia nilikitupa ziwani. Kimo kwenye sanduku langu la vifaa, bado kimefungwa blada yake.