Chupa Zisizo na Kwao

Nakumbuka siku lori la chuma chakavu liliposimama mbele ya nyumba yetu pale Mikumi, nami nikakimbia kutoa magunia yangu ya chupa, nikijua mabati ya mama yamepatikana.

Wanangu, wakati huo biashara huria ndiyo kwanza imeanza, maduka yamejaa vitu vipya. Abiria wa mabasi walikunywa maji ya chupa za plastiki na kuzitupa dirishani. Sisi tulizoea chupa ya soda, ile ya kioo, ambayo usipokwenda nayo dukani hupewi nyingine. Nikasema chupa ni chupa, hizi nazo zitarudi kiwandani. Haba na haba hujaza kibaba. Nikaokota kiangazi kizima, niziuze nimnunulie mama mabati. Mama alipochukua mundu akakate nyasi za kuezekea, nilimzuia.

"Pumzika, mama. Mwaka huu tunaezeka bati."

Moto wa kiangazi ukapita, nyasi zote zikateketea.

Siku ile ya lori, mwenyewe alimwamkia mama shikamoo, akapakia vyuma vya majirani na sufuria mbovu. Magunia yangu hakuyagusa.

"Hizi siwezi, kaka. Sijui hata kama Dar yupo anayezitaka. Na akiwepo, lori zima la chupa ni upepo tu. Nichome dizeli kubeba upepo? Halafu nyingine zimewekwa mafuta ya taa."

"Lakini plastiki yake nzuri!"

"Nzuri, ndiyo. Ila haina pa kwenda."

Mama, ambaye hakuwa mtu wa makelele, aliniambia, "Ungemuuliza mapema, baba. Sasa nyasi tutazitoa wapi?"

Masika yalipoanza, paa la zamani lilivuja kila kona. Mama akahamia kwa jirani, akaugua kifua, akafia nyumba ya watu. Mpaka leo inaniuma.

Sasa nawaona nanyi mnajaza magunia kwa kuwa chini ya chupa pamechorwa mishale inayozunguka, alama ya kurudi kiwandani. Nimechoka kusema, lakini nitasema. Mishale haibebi gunia. Kitu hurudi kiwandani kama yupo anayekitaka, kama ni safi, na kama safari yake inalipa. Kuuliza si ujinga, wanangu: mtafuteni mnunuzi kwanza, ndipo muiname kuokota. Na anayekwenda kukata nyasi, mwacheni akate.

Mungu awape umri mrefu, na mama zenu walale pakavu.