Kiti cha Nyuma

Mtumbwi ule ulikuwa wa plastiki, mwekundu, na tuliununua Jeddah. Mzee niliyekuwa dereva wake alikwenda huko kukaa kwa binti yake, mtaa wa Al-Rawdah, joto lilipoanza. Alasiri moja akaniambia nimpeleke kaskazini ya mji kwenye hori, mahali bahari inapoingia nchi kavu kama mkono. Watu walikuwa wakipiga makafi wawili wawili na kucheka. Alishusha kioo cha gari akawatazama mpaka adhana ya magharibi. Kesho yake akanunua mtumbwi. Binti yake alimwuliza angeupeleka wapi, maana Riyadh hakuna bahari. Akajibu, "Mungu ana maji kila mahali."

Tuliufunga juu ya gari kwa kamba, tukalikata jangwa kutwa nzima. Kwenye kizuizi kimoja askari aliuzunguka mara mbili, kisha akainama dirishani kwangu.

"Haji, bahari mmeiacha nyuma."

"Najua."

"Basi geuza gari."

Mzee alicheka mpaka akakohoa. Sikuwa nimemsikia akicheka tangu mkewe afariki, na mkewe alifariki mwaka wangu wa kwanza pale.

Mimi ni mtu wa Mto Tana. Nilijua kupiga kafi kabla ya kujua kusoma, kwa sababu chuo chetu cha Kurani kilikuwa ng'ambo. Baadaye nilifundisha chuo hicho hicho miaka mingi, na msimu wa maembe nikaendesha lori. Watu wa kwetu walipoanza kuchukuliwa kwa wingi kwenda Uarabuni, wanawake kwa kazi za nyumbani, wanaume kwa udereva na ulinzi, nami nilijiandikisha nikiwa na miaka hamsini na mmoja. Nilimshukuru Mwenyezi Mungu kwa kazi ile na bado namshukuru. Mzee hakuwahi kunitukana wala kunilaza njaa. Chumba changu kilikuwa kando ya geti, kina kiyoyozi na mahali pa kutandika mswala. Lakini zilikuwapo siku nilizozimaliza bila kutoa neno ila "naam" na salamu ya msikitini. Kiarabu changu kilikuwa cha vitabuni. "Unasema kama uko mimbarini," mzee aliniambia siku za mwanzo, na watu wa nyumba wakatabasamu. Tangu hapo nikapunguza kusema.

Mwaka wa tatu macho ya mke wangu yakaanza kufifia. Ilikuwa presha ya macho, na daktari alimwambia wazi kwamba dawa itachelewesha tu, haitarudisha kilichokwisha kupotea.

"Nakuona humu kwenye simu kama mtu aliye nyuma ya pazia," aliniambia. "Ukikawia utakuja nikupapase uso ndipo nijue ni wewe."

Alisema kwa utani, kama kawaida yake, na mimi nikacheka naye. 

Nilitaka kurudi angali ananiona. Hilo tu. Lakini paspoti yangu ilikuwa kwa mzee, kafili wangu, yaani mdhamini wangu kazini, na bila saini yake mtu hapandi ndege. Mara ya kwanza nilimwomba tukiwa njiani, nikimtazama kwenye kioo cha kuonea nyuma. Akasema, "Inshallah, baada ya Ramadhani." Baada ya Ramadhani akasema baada ya Hija. Baada ya Hija akasema "inshallah" peke yake. Nimewafundisha watoto wengi maana ya neno hilo, na sikupenda kulisikia kama mlango unaofungwa. Nikasubiri.

Kusini ya Riyadh, ukipita Al-Hair, kuna bonde ambamo maji ya mji, yakishasafishwa, hutiririka na kutuama, yakafanya maziwa yenye matete na ndege. Yana harufu ya mbali, kama ya nguo zilizolowekwa. Najua wapo wanazuoni walioyaruhusu maji ya namna hiyo, lakini kwa udhu nilibeba dumu langu. Hapo ndipo tulipokuwa tukienda kila Ijumaa baada ya sala ya alfajiri, tukarudi kuwahi sala ya Ijumaa.

Siku ya kwanza mzee aliniamuru nikae mbele, yeye akakaa nyuma. Ndivyo tulivyokaa garini miaka yote. Lakini kwenye mtumbwi wa watu wawili, wa mbele anasukuma tu. Anayeuelekeza ni yule wa nyuma. Kwetu hata mtoto anajua. Mzee hakujua, na alipiga kafi upande mmoja tu, kama mtu anayekoroga chungu. Tukazunguka. Tukaingia kwenye matete, tukatoka, tukaingia tena.

"Mbona hauendi sawa? Wewe si dereva?"

"Ni dereva, baba."

"Basi endesha."

Nikamweleza kwa adabu kwamba kiti cha kuendeshea ni hicho alichokikalia yeye.

"Kwa hiyo mimi nikae mbele, na dereva akae nyuma?" Hakusema kwa ukali. Alisema kama mtu aliyeambiwa avae kanzu miguu juu.

Sikurudia. Ijumaa baada ya Ijumaa tulizunguka karibu na ukingo, mimi nikitazama maji, yeye akitazama mgongo wangu, hatusemezani. Zilikuwa saa zangu bora za juma zima, na ndizo saa nilizokuwa mpweke kuliko zote. Mto wa kwetu hata ukiwa peke yako unakwenda, unakupeleka mahali. Maji yale yalikaa tu.

Nilikuwa na rafiki mmoja, Mkamba, Mkristo, mpakiaji kwenye maghala ya Al-Sulay. Alasiri za Ijumaa nilipita kwake tukanywa chai juu ya mbao za kupangia mizigo. Yeye ndiye niliyemwambia habari za macho ya mke wangu.

"Sasa ustadhi, shida iko wapi?" akasema. "Mfikishe kafili wako katikati ya maji, weka kafi chini, umwambie: baba, leo ni ruhusa ama tunalala hapa. Atasaini hata na kidole cha mguu."

"Hiyo ni kumkaba mtu."

"Na yeye amekushika wapi? Paspoti yako iko kwa nani?"

Nilikunywa chai yangu. "Ahadi ya mtu anayeogopa si ahadi," nikamwambia.

"Haya ustadhi. Endelea kuzunguka."

Mwishoni mwa baridi, Ijumaa moja, mzee alitaka kuwaona kwa karibu ndege weupe waliokuwa ng'ambo. Tulikwenda kwa taabu, tukichora nyoka juu ya maji. Wakati wa kurudi upepo wa vumbi ukainuka ghafla, ukatupiga ubavuni. Mtumbwi ukalala upande, maji yakaingia mpaka vifundoni. Mzee alikuwa na koti la kuelea, lakini hakujua kuogelea, na kafi lake likawa linapiga hewa. Kubadilishana viti pale kungetupindua.

Mtumbwi ule ulikuwa umechongoka huku na huku. Haukuwa na mbele wala nyuma isipokuwa kwa namna watu walivyokaa. Nikamwambia, "Baba, weka kafi ndani, shika kingo." Nikainua miguu polepole, nikageuka juu ya kiti changu, nikampa uso. Kiti changu kikawa cha nyuma. Nikazamisha kafi, mtumbwi ukanyooka, ukaanza kwenda, yeye akitangulia kinyumenyume asione anakokwenda.

Miaka minne nilimjua kwa macho mawili kwenye kioo. Sasa nilimwona mzima: ndevu zimejaa matone, mdomo wa chini unatetemeka, kilemba kimemlegea shingoni. Mtu mzee kama mimi.

"Tunakwenda wapi?"

"Ukingoni."

"Unauona?"

"Nauona, baba."

Akashika kingo kwa nguvu zaidi. "Una neno wewe. Miezi yote hii naliona mgongoni mwako. Sema sasa. Lolote utakalo nitakupa."

Maneno yalinijia mpaka kwenye meno. Nilimwona mke wangu. Sitasema sikutamani.

"Nitakuambia tukikanyaga mchanga," nikasema.

"Kwa nini si sasa?"

"Sasa unaogopa."

Akafumba macho akaanza kusoma Ayatul Kursiyyu, nami nikamfuatisha, nikipiga kafi.

Tulipotoka alikaa juu ya jiwe, akakamua kilemba chake. "Haya," akasema. "Mchanga huu."

Nikamweleza tena, mara hii bila kioo kati yetu. Mke wangu anapoteza macho. Nataka kwenda angali ananiona.

"Na utarudi?"

Ingekuwa rahisi kusema inshallah. Angelielewa kama mimi nilivyolielewa lake, na tungeachana bila kuumizana. Lakini sikuwa na nia ya kurudi, na jina la Mungu si la kufunikia nia.

"Sirudi, baba."

Alitazama maji. "Ungeniomba kule, ningekuwa nimeshaapa."

"Najua."

"Yalla, funga mtumbwi. Tutakosa sala."

Ijumaa iliyofuata hakutoka. Wala ya pili, wala ya tatu. Garini hakusema ila mahali pa kwenda. Mke wangu nilimwambia avute subira.

"Mimi ninayo subira," akasema. "Macho ndiyo hayana."

Niliufuta mtumbwi vumbi kila asubuhi, kwa sababu sikuwa na kingine cha kufanya kwa mikono. Nilijuta kwamba nilisema kweli, kisha nikatubu kwa kujuta. Nikadhani ndiyo basi.

Jumanne moja, baada ya adhuhuri, mlango wangu ukagongwa. Alikuwa yeye, ambaye hakuwahi kufika pale. Alikitazama kitanda, mswala, sufuria moja juu ya jiko. Akanipa paspoti, imekwisha kupigwa muhuri wa kuondoka.

"Halas, yamekwisha," akasema. "Nahamia Jeddah kwa binti yangu. Nyumba hii ni kubwa." Akageuka, kisha akasimama. "Bado anaona?"

"Kidogo."

"Basi usingoje Ijumaa."

Nilisafiri Alhamisi. Sikusikia tena habari zake, na humwombea kila nikumbukapo, naye nadhani hakuwa na wengi wa kumwombea.

Mke wangu alinipokea kivukoni. Alinishika mkono wa kanzu, akanitoa kivulini akanisimamisha juani, akanigeuza uso huku na huku, akiukaribia sana, bila haraka.

"Umezeeka," akasema. "Umezeeka kweli."

Nikamwambia alhamdulillahi.