Komande ya Mchezo wa Nne

Tarehe nane ya mwezi wa sita, siku ya nne ya vita vile vya siku sita mjini kwetu, tulimpoteza yaya yangu, dada yangu mkubwa. Alikuwa na miaka kumi na sita. Tulipoteza pia mabati ya jikoni, mbuzi mmoja, na jirani yetu akapoteza televisheni yake. Navitaja hivyo vyote kwa sababu nimejiahidi kuandika kila kitu kama kilivyokuwa.

Sikukusudia kuandika. Juma lililopita nilikuwa nachambua pondu, majani ya muhogo, na binti yangu ameketi mlangoni na simu yake. Akaanza kunisomea maneno ya watu wa nchi za mbali wanaongojea mchezo mpya wa mashine, wa yule mtu wa koti anayetembea mapangoni kutafuta vitu vya kale. Kila mmoja alikuwa anasema anachotaka. Huyu anataka ramani iwe kubwa mara mbili. Yule anataka adui wa zamani arudi. Mwingine alikuwa amekasirika sana kwa sababu ya farasi.

"Mchezo umefika wa ngapi?" nikauliza.

"Wa kumi na moja, mama."

Mikono yangu ikasimama juu ya majani. Sisi tuliishia kwenye wa tatu.

"Na wewe, mama? Ungependa batie nini ndani ya mchezo?"

Nikamwambia aende kuangalia chungu, maji yanamwagika. Hayakuwa yanamwagika.

Basi nikueleze wewe, rafiki, yale niliyoshindwa kumweleza yeye.

Tulikaa mtaa wa Tshopo. Miaka ile magari yalikuwa machache hata maporomoko ya mto yalisikika kutoka uani kwetu, na juu ya sauti ile ya maji ulisikia michi ya watu wakitwanga ndizi za lituma, kengele za toleka, baiskeli zile za kubeba abiria, na mara moja moja ndege ikishuka uwanja wa Simi-Simi. Papa, baba yetu, alikuwa mtu wa reli ya Ubundu. Treni ilikuwa imesimama, kwa hiyo papa naye alisimama. Asubuhi alivaa shati lake la kazi, akanywa chai isiyo na sukari, akakaa.

Kwenye parsele, kiwanja cha pili kutoka kwetu, aliishi mtu tuliyemwita tonton, yaani mjomba, mfanyabiashara kutoka Kivu, mtu mnene, mpole, aliyeimba bass kanisani. Kila aliposafiri kununua bidhaa alipita kwanza nyumba kwa nyumba na daftari lenye jalada jeusi la kuandikia maagizo. "Komande! Nani iko na komande?" Mama akasema anataka sufuria lenye mfuniko, mwalimu wa jirani akataka chaki, na tonton akaandika. Akirudi alisoma mstari kwa mstari mbele ya watu. Kilichofika alikifuta. Kisichofika alisema tu, "Bado haiyafika," akakiacha. Hiyo ndiyo ilikuwa heshima yake: hakufuta kitu ambacho hakijafika. Chaki za mwalimu zilikaa ndani ya daftari lile karibu mwaka mzima.

Tonton alikuwa na binti wa rika langu, na kwa ajili yake aliwahi kuleta mashine ya kuchezea pamoja na huo mchezo wa tatu. Wa kwanza na wa pili hatukuiona kamwe. Jumapili baada ya misa, kama umeme ulikuwapo, tulijaa sebuleni kwake, lakini mikono iliyojua kazi ilikuwa ya yaya. Asubuhi nzima alikuwa ametwanga ndizi na koko, bibi yetu, na vidole vyake vilikuwa bado vinanukia moshi. Koko alikuja mara moja kutazama. Akasimama mlangoni kwa muda mrefu, kisha akauliza, "Huyu mutu anatembea tu. Hana kwabo?" Tulicheka mpaka binti wa tonton akaanguka chini ya kiti.

Maandishi ya mchezo yalikuwa Kiingereza, na sisi tulikuwa na Kifaransa kidogo cha shule. Kila baada ya sehemu ngumu lilitokea neno SAVE na alama ya kuuliza. Yaya, aliyekuwa wa kwanza darasani kwake, alitueleza kwamba watengenezaji hawajui kuandika vizuri: walitaka kusema ça va? Mashine inakujulia hali. Ukijibu ndiyo, itakukumbuka, na siku nyingine itaanzia pale ulipoachia. Usipojibu, umekosa adabu, nayo itakusahau. Na kweli ilikuwa hivyo. Umeme ukikatika ghafla, sebule nzima ilipiga kelele, "Hatukuitika sava!" na yaya akaanza tena mwanzo bila kulalamika.

Kitu kimoja tu kilimshinda. Mtu wa koti alikuwa na mwenzake, msichana aliyembebea taa tangu pango la kwanza. Katikati ya mchezo daraja linavunjika, msichana anabaki ng'ambo na taa yake, mlango wa jiwe unashuka, na mtu wa koti anaendelea mbele. Yaya alijaribu vibonyezo vyote. Alijaribu kutovuka, alijaribu kumtanguliza msichana, alijaribu kusimama tu na kungoja. Mlango ulishuka.

"Mutu wa namna gani anaachaka mwenzake vile?" akasema. Hakuwa anatania.

Ndipo tulipopata wazo la komande. Usitucheke. Kwetu nguo ilishonwa kwa kipimo chako na kitanda kilichongwa ulivyotaka. Tukaamini kwamba huko tonton anakonunua bidhaa ndiko zinakotengenezwa, na kwamba mtu akiagiza mapema, mafundi watamsikiliza. Tonton alipopita mwezi wa tano, yaya akasimama kuagiza mchezo wa nne.

"Tonton, tuko na komande. Jeu ya ine."

"Bon. Iko na rangi gani?"

"Haiyatoka bado, tonton. Njo maana tunaomba mbele."

Tonton akatutazama mmoja mmoja, akalamba ncha ya kalamu. "Semeni."

Binti yake akataka mtu wa koti apewe toleka, amechoka kukimbia. Mimi nikataka ale, maana alipita mchezo mzima bila chakula, hata lituma na samaki kidogo.

"Na wewe, mamzele?" akamwuliza yaya.

"Batie mulango ya kurudia," yaya akasema. "Ili akamutoshe mwenzake kule ng'ambo."

Tonton akaandika yote polepole, kama alivyoandika sufuria la mama. Siku kumi na nane baadaye alirudi, akasoma daftari uani. Chaki zilikuwa zimefika, hatimaye. Alipofika kwetu akasema, "Jeu ya ine, bado haiyafika." Yaya akaitika kwa kichwa kama mtu mzima.

Jumatatu iliyofuata majeshi mawili ya wageni yakaanza kupigana ndani ya mji wetu, mabomu yakipita juu ya mto. Tukakimbilia stoo ya tonton kwa sababu ilikuwa ya zege. Tulikuwa wengi, tumelala kati ya magunia ya chumvi. Koko alikataa kuja. Papa alimwendea mara mbili, na mara zote mbili alimjibu, "Mimi niko kwangu."

Siku ya nne, kama saa nne asubuhi, milio ikatulia. Papa alikuwa ametoka kutafuta maji. Yaya akafunga kitenge chake.

"Ninaenda kuleta koko."

"Ngoja papa," mama akasema.

"Mama, ni parsele mbili tu."

Nikamwambia, "Yaya, koko amekataa."

"Alikatalia papa. Mimi hatanikatalia."

Nilipanda juu ya gunia nikatazama kwenye tundu la hewa. Niliwaona wakitoka nyumbani kwetu, koko ameshika bega lake, na yaya amebeba kiti kidogo cha koko kichwani. Walikuwa wanakuja. Bomu sikuliona. Niliona vumbi, na ndani ya vumbi koko anatambaa, anaita jina la yaya.

Watu waliniambia baadaye kwamba alienda kwa sababu ya ule mchezo, kwamba ulimjaza mambo kichwani. Si kweli, na sitaki kuuandika uongo kwa sababu tu unapendeza. Alienda kwa sababu koko alikuwa amebaki. Angeenda hata kama mashine isingefika Tshopo.

Tulimzika nyuma ya jiko, karibu na migomba, kwa sababu hakuna aliyeweza kufika makaburini. Koko aliishi miaka minne zaidi, hasikii tena. Stoo ile leo ni kanisa la maombi. Michi bado naisikia, lakini michache. Binti yangu ananiambia mchezo wa siku hizi hauulizi tena. Unakumbuka wenyewe, hata ukizima bila kuaga. Nilimwambia ni vizuri. Sijui kama ni vizuri.

Majuma mawili baada ya vita tonton aliamua kurudi Kivu kuishi huko. Alikuja uani na daftari lake kufuta komande zote, kwa kuwa hangeleta tena kitu. Alisimama, akasoma, akafuta. Sufuria la mama, akafuta. Toleka ya binti yake, akafuta. Chakula cha mtu wa koti. Akanitazama, nikaitika kwa kichwa, akafuta. Kisha akafika mstari wa mwisho.

"Mama," akamwambia mama yangu, "hii ya mamzele, nifanye namna gani?"

Mama alikuwa anafagia kati ya jiko na migomba. Hakuinua uso.

"Haiyafika," akasema. "Iache."

Tonton akafunga daftari, akaliweka ndani ya shati, akapanda toleka kwenda Simi-Simi.